Msimu wa Nyasi Zisizokanyagwa

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, muda mfupi tu kabla ya kengele ya mapumziko, utadhani nayo inafuata ratiba yetu. Watoto hawakujali. Walitoka mbio wakajimwaga uwanjani, na punde viatu vyote vikawa rangi moja. Uwanja wetu ni mteremko wa udongo mfinyanzi. Maji ya paa zima la madarasa humwagikia hapo, yamechimba handaki katikati, na kando yake kuna chuma cha bembea iliyokufa zamani ambacho ncha zake bado zinachoma. Mwaka jana mtoto wa darasa la nne alivunjika mkono hapo. Kwa kuwa mimi nina sauti kuliko walimu wenzangu, kila mapumziko ndimi ninayekabidhiwa filimbi.

Leo nilikuwa na sababu nyingine ya kukodoa macho. Mjukuu wangu ameanza shule kwetu, darasa la pili. Mama yake, yaani binti yangu, amepata kazi mbali na ameniachia mtoto mpaka mambo yake yakae sawa. Nyumbani mdomo wa huyu mtoto unakwenda kuliko cherehani ya babu yake, ambaye ni fundi wa kushona na hana wateja wa kumkatiza. Babu mtu anamwita mke mdogo, basi na mimi namwita mke mwenza, naye hunijibu kwa dharau zote za mke mwenza anayependwa. Lakini shuleni ametia kufuli. Mwalimu wake anasema hata jina lake mwenyewe hakulitamka.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Mke mwenza amesimama ukutani mapumziko yote, mikono nyuma, kama askari aliyesahauliwa lindoni.

Jumatatu, 10 Machi

Mungu si wa mmoja. Wasichana wa darasa la pili walikuwa wanaruka kamba pale palipoinuka kidogo, ambapo maji hayatuami. Ncha moja ya kamba walikuwa wameifunga kwenye chuma cha bembea, nayo ikawa inafunguka kila mara na wao wanalalama. Mjukuu wangu akaondoka ukutani, akaishika ile ncha, akaanza kuzungusha. Hakuombwa wala hakusema neno. Alizungusha mpaka kengele, na mmoja wao, mwenye mwanya, akamwambia, "Kesho tena, sawa?" Akaitikia kwa kichwa.

Jioni alituhadithia mambo hayo mara nne, kila mara kamba ikizidi urefu. "Bibi, kesho nitaruka mimi. Yule mwenye mwanya ndiye atazungusha. Ameshakubali." Nilimpigia binti yangu simu kumpa habari, akalia kidogo, nikamwambia asilie kwa jambo la heri.

Jumatano, 12 Machi

Redio imetangaza, na mchana Mkuu wa shule akatuthibitishia kikaoni. Kuna sera mpya: kila mtoto apate mapumziko ya kweli kila siku ya shule, mahali salama pa kuchezea. Na safari hii sera imekuja na pesa. Ardhi itasawazishwa, maji yatachimbiwa mifereji, zitawekwa bembea mpya na paa la kivuli. Lakini pesa hazitoshi shule zote. Afisa wa ofisi ya elimu atapita shule moja moja kujionea kwa macho yake, kisha zitachaguliwa chache.

Nilipiga makofi hadi viganja vikawaka. Miaka yote nimepuliza filimbi juu ya tope lile nikiomba tu asivunjike mwingine.

Ijumaa, 14 Machi

Mkuu wetu watoto wanamwita Rula, kwa sababu ananyoosha kila kitu: mistari ya watoto, kola za walimu, hata picha za ukutani anazozipita. Ni mtu mwema. Kiti chake ofisini kina mguu uliofungwa waya, na pesa ya kiti kipya aliinunulia chaki. Leo alitutolea mpango wake.

"Huyu afisa akija akakuta matope na handaki, atasema nini?" alituuliza. "Atasema hawa hawajui kutunza. Sasa ni nani atampa mali mtu asiyejua kutunza? Tusafishe. Tupande ukoka, tuonyeshe kwamba tunastahili."

Mwalimu wa hesabu akauliza watoto watachezea wapi. Mkuu akasema ni siku chache tu, mpaka mgeni apite. Wote tukaona ni akili. Mgeni njoo mwenyeji apone, nilisema mimi, na kikao kizima kikacheka. Naandika hapa ili nisije nikajidai baadaye kwamba niliona mbali.

Jumamosi, 15 Machi

Siku nzuri ajabu. Wazazi wamekuja na majembe, makarai na mapande ya ukoka waliyochimba kando ya barabara. Handaki tumelijaza kwa vifusi na udongo, ukoka ukalazwa juu. Chuma cha bembea kiling'olewa kikafichwa nyuma ya stoo. Mume wangu alileta vitambaa vilivyobaki kwenye ushonaji, vya kila rangi, akavisuka kamba ndefu, tukauzungushia uwanja wote juu ya vijiti. Mke mwenza alimshikia babu yake upande mmoja siku nzima. Yule mwenye mwanya alikuwepo pia na mama yake, nao wawili walinong'onezana sana.

Jioni ilipokuja tulisimama kuutazama. Sikuwahi kudhani uwanja ule unaweza kupendeza hivyo.

Jumatatu, 17 Machi

Afisa anakuja Alhamisi. Watoto wamepumzikia madarasani. Wakitaka kwenda chooni wanapita pembeni, kwenye ukingo mwembamba kati ya kamba na ukuta, mmoja mmoja. Nilipuliza filimbi mpaka mashavu yakauma.

Alhamisi, 20 Machi

Hakuja. Wiki ijayo.

Jumatano, 26 Machi

Mapumziko ya ndani ni adhabu kwa kila aliye hai. Madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, jasho na harufu ya soksi mbichi vinakutana katikati ya darasa. Darasa la tatu, ambalo ni langu, wamepigana mara mbili kwa ajili ya kifutio. Rula amepita akanyoosha mistari ya madawati, akaagiza wakati wa mapumziko kila mtoto akae mahali pake, akisema ni kwa usalama wao. Kuruka kamba ndani ni marufuku. Hilo sikulipinga, maana hata mimi naona wangetoboana macho.

Tatizo ni kwamba mahali pa mjukuu wangu ni nyuma kabisa, peke yake, na mwenye mwanya anakaa mbele.

Alhamisi, 27 Machi

Hakuja. Gari lao halina mafuta.

Alhamisi, 3 Aprili

Hakuja. Gari lina mafuta, dereva yuko kwenye semina.

Ijumaa, 4 Aprili

Mume wangu anasema semina ya madereva lazima iwe juu ya namna ya kutofika. Nimecheka peke yangu hadi nikakohoa.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua haijakatika tangu juzi. Mtoto wa darasa la kwanza ameteleza pale ukingoni akienda chooni, akaanguka kwenye mfereji ambao maji yamejichimbia kando ya ukuta, magoti yote mawili yamechubuka. Nilimbeba nikiwa nimelowa chapachapa. Njia fupi ya kumfikisha ofisini ilikuwa kukatisha uwanja, na mimi nikakatisha. Ukoka umeshika, ni mzito na laini, mguu unazama kidogo kama kwenye godoro. Nilipofika upande wa pili watoto wa madarasa yote walikuwa wamejazana madirishani wananitazama. Mmoja akapiga kelele, "Mwalimu amekanyaga!" Wengine wakadakia.

Rula hakunigombeza. Alitoka na mwavuli, akainama, akawa anasimamisha majani moja moja pale nilipopita. Afadhali angenigombeza.

Jumanne, 15 Aprili

Leo nimesema. Kikaoni nilisimama nikawaambia kwamba tulitaka kuwapa watoto mapumziko na sasa tumewanyang'anya hata yale ya matope. Fungueni uwanja, nikasema, afisa akija akute watoto wanacheza. Si ndiyo maana ya pesa yenyewe?

Mwalimu wa hesabu alitazama meza. Mwingine akasema, "Dada, tumevumilia mwezi mzima. Tukifungua leo, kesho ni tope, kesho kutwa afisa huyo mlangoni. Tutakuwa tumewatesa watoto bure." Na hapo ndipo pabaya: ni kweli. Kila wiki tuliyongoja inatufunga tungoje nyingine. Mkuu akasema kwa upole, "Mwalimu, mimi pia nawaonea huruma. Wiki moja tu." Nikakaa.

Nyumbani nilimweleza mume wangu. Hakuinua macho kwenye sindano. "Mficha uchi hazai," akasema. "Mnaomba msaada wa tope, halafu tope mnalifunika." Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile alipokuwa anasuka kamba. Akasema hakuulizwa.

Alhamisi, 17 Aprili

Hakuja.

Alhamisi, 24 Aprili

Hakuja. Hawakutoa hata sababu.

Jumatatu, 28 Aprili

Nilisahau mwavuli nikarudi shule watu wameshatawanyika. Mvua ilikuwa nyembamba. Mkuu alikuwa amepiga magoti katikati ya ukoka, suruali aliyoipiga pasi asubuhi imelowa maji, anang'oa magugu na kuyatia kwenye ndoo. Hakuniona. Alikuwa anasema peke yake, nikadhani anaimba, kumbe anarudia hotuba ya kumkaribisha mgeni. Alifika mahali pa kusema "watoto wetu watafurahi" akakwama, akaanza upya.

Mwezi mzima nimemwita Rula kwa hasira ndani ya kichwa changu. Leo sikuweza. Nimeondoka bila mwavuli.

Jumapili, 4 Mei

Binti yangu amepiga simu. Ameuliza, "Mama, ana marafiki sasa?" Nikamwambia wapo. Mtoto alikuwa amekaa karibu yangu, amesikia swali na jibu. Alipopewa simu alisema "shikamoo mama" na "ndiyo" na "ndiyo" tena. Babu yake baadaye alimchokoza, akamwambia mke wangu mdogo umeninunia, umepata bwana mwingine? Zamani angemjibu mpaka majirani wasikie. Alitabasamu tu akaenda kukunja vitambaa.

Nilimuuliza ile kamba ya kuruka aliyosukiwa na babu yake iko wapi. Akasema ipo kwenye mkoba. Nikamuuliza mwenye mwanya hajambo? "Siku hizi anacheza na wa mbele," alisema. "Wanacheza nini, si mmekatazwa?" "Wanacheza macho, Bibi. Wanakonyezana."

Jumatano, 7 Mei

Nimemwomba mwalimu wake amhamishie mbele. Amekubali. Rula kapita, kaona mstari una pengo nyuma, kamrudisha.

Jumanne, 20 Mei

Amekuja. Si Alhamisi, na si kwa taarifa. Gari lilisimama getini wakati wa kipindi cha tatu, akashuka mwanamke kijana, buti za mpira hadi magotini, tope limemfika kiunoni. Mkuu alitoka ofisini karibu akimbie, akinyoosha kola njiani. Akaniita niungane nao kwa kuwa mimi ndimi msimamizi wa uwanja.

Mvua ilikuwa imepumzika na jua likatokea. Lazima niseme haki: ukoka uling'aa. Kamba ya vitambaa ilikuwa mpya, mume wangu aliibadilisha wiki iliyopita. Hapakuwa na unyayo mmoja. Madarasani kimya, kwa maana Mkuu alikuwa ametuma neno, na watoto wetu sasa wamehitimu katika kunyamaza.

Afisa alisimama kwenye kamba, akatazama, akashusha pumzi. "Huu ndio uwanja?"

"Ndio huu," akasema Mkuu, na sauti yake ikatetemeka kwa fahari. "Tumeutunza kwa mikono yetu. Wazazi, walimu. Hatukungoja serikali."

"Hongereni sana. Hongereni kweli," akasema. "Nimezunguka shule nyingi, sijaona kama hapa. Natamani wote wangekuwa kama ninyi." Akapiga picha. Kisha akafungua mlango wa gari aweke simu ndani.

Nikamwuliza basi lile fungu litakuja lini. Akanigeukia kwa mshangao wa mtu asiye na ubaya. "Fungu? Mama, fungu ni la wenye shida. Nimetoka shule ile ya ng'ambo ya barabara kuu. Nimefika mapumziko, watoto wanaogelea kwenye matope, mmoja amenigonga tukaanguka wote wawili. Hata kiti hawakunipa. Pale ndipo pa kupeleka pesa. Hapa niwawekee nini?"

Nilimtazama Mkuu. Midomo yake ilikuwa wazi kidogo.

"Matope yapo," nikasema. "Yapo hapo hapo chini ya ukoka. Handaki tumelijaza vifusi. Bembea mbovu iko nyuma ya stoo, njoo nikuonyeshe. Mtoto alivunjika mkono hapa. Watoto hawajakanyaga uwanja huu tangu Machi, wanakungoja wewe."

Nilikuwa nimepandisha sauti. Afisa akatazama saa, akatazama nyasi, akamtazama Mkuu. "Mkuu, ndivyo?"

Angesema ndiyo, tu. Neno moja. Lakini yule ni mtu aliyesifiwa mbele ya watu kwa mara ya kwanza labda katika utumishi wake wote, na nusu ya sifa ile ingemtoka mkononi kwa neno hilo. "Changamoto ndogo ndogo hazikosi," akasema.

Nikamwomba afisa angoje mapumziko, nitoe watoto, aone uwanja huu ukikanyagwa dakika kumi unakuwaje. "Mama yangu," akasema, na alisema kwa heshima, "nina shule nne leo na njia inafungwa na maji. Mimi ninaandika ninachokiona. Na mwaka wa fedha unaisha." Kisha akamshika Mkuu mkono. "Nitawapendekeza muwe shule ya mfano. Muhula ujao tutaleta wakuu wa shule nyingine wajifunze. Msiuache ukaharibika."

Gari liliondoka. Mkuu alibaki amesimama mkono ukiwa bado umenyooshwa. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Hapa kwetu hakuna aliyepigana, na nyasi zimestawi.

Jumatano, 21 Mei

Sina la kuandika.

Ijumaa, 23 Mei

Nimekwenda ofisi ya elimu mwenyewe. Korido ndefu, benchi moja, watu wengi. Karani alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sikulitegemea, akaniambia orodha imeshapelekwa juu. Nikamuuliza juu ni wapi. Akaonyesha dari kwa kalamu. Nikauliza kama naweza kwenda huko juu. Akasema, "Mama, hata sisi hatujawahi kufika." Hakuwa ananitania. Aliniletea maji ya kunywa, nikayanywa, nikarudi.

Njiani nilipita shule ile ya ng'ambo ya barabara. Watoto walikuwa nje, wachafu hawatazamiki, kelele mpaka barabarani. Niliwaonea wivu, halafu nikajionea aibu.

Jumatatu, 2 Juni

Mvua zimeisha. Ukoka unaanza kukauka pembeni. Mkuu amepanga zamu za kumwagilia, darasa kwa darasa, kwa vikombe, wakiwa wamesimama nje ya kamba. Mke mwenza ameniambia leo darasa lao lilisifiwa kwa kutomwaga maji njiani. Ndiyo habari pekee ya shule aliyonipa wiki hizi zote, nikaipokea kama zawadi.

Ijumaa, 6 Juni

Siku ya mwisho ya muhula. Asubuhi nimeingia ofisini kwa Mkuu nikafunga mlango. Nilikuwa nimejiandaa kugomba, lakini nilipomwona kwenye kile kiti chake cha waya hasira ikaniisha. Nikamwambia tu, "Kaka, leo wanafunga. Waache wacheze mara moja. Mara moja tu, nyasi zitapona likizo."

Akainuka akatoka nje, akafungua kamba ya vitambaa kwa mikono yake, akaizungusha kwenye kiwiko mpaka ikaisha, na yeye ndiye aliyepiga kengele.

Watoto walitoka. Walitoka kama tulivyowafundisha, mmoja mmoja, wakipita ukingoni, mabega yakigusa ukuta. Walioelekea chooni wakaenda na kurudi. Waliobaki wakajipanga kuuzunguka uwanja, pale pale ilipokuwa kamba.

"Ingieni!" niliwaambia. "Chezeni! Mkuu ameruhusu!"

Walicheka kidogo, cheko la mtu anayedhani anategwa. Wa darasa la saba walitazama viatu vyao. Mkuu akapiga hatua mbili ndani ya nyasi, akafungua mikono, akasema, "Njooni, wanangu." Hakuna aliyesogea. Nilimsogelea mwenye mwanya nikamsukuma taratibu mgongoni, akakaza miguu.

Mwishowe kitoto cha darasa la kwanza, yule aliyeanguka mferejini, kikajitoa mstarini. Kikaweka mguu mmoja kwenye ukoka, kikaubonyeza, kikatabasamu, kikaweka na wa pili.

"Toka hapo! Unaharibu! Wageni watakuja!"

Sauti ilikuwa kali na ya juu, imejaa uwanja mzima, na kwa kweli nilidhani ni mwalimu. Kitoto kikaruka nyuma kikaanza kulia. Watoto wote wakageuka kutazama nani kasema, na waliokuwa karibu naye wakampisha kwa heshima. Mwenye mwanya alikwenda akasimama ubavuni pake.

Alikuwa mjukuu wangu. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuisikia sauti yake shuleni. Uso ulikuwa unamng'aa, na alikuwa ananitazama mimi, akisubiri nimsifu.